Wali umeongezeka kweli? Namna ya kufanya utafiti wa ulaji wa mtaa na kuusoma kwa faida ya mkulima

Ukizungumza na madalali wa mchele pale Tandale utaambiwa watu wa mjini wameacha ugali. Ukivuka kwa wenye mashine za kusaga utaambiwa unga unatoka kama kawaida. Kila mmoja anasema kweli kwa kile kinachopita mbele ya macho yake, lakini hakuna kati yao anayeweza kumjibu mkulima wa Kilombero anayetaka kujua kama mwakani aongeze ekari za mpunga. Mkulima huyo anahitaji mtu aliyeingia ndani ya kaya akauliza nini kimeliwa, kiasi gani, kwa shilingi ngapi, kisha akaoanisha majibu hayo na bei za sokoni na za shambani.

Kazi hiyo haihitaji fedha za shirika kubwa. Mwanafunzi wa uchumi wa kilimo, afisa ugani au kiongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mwenye simu, mzani na vijana wachache waaminifu anaweza kuifanya katika mtaa mmoja. Ila kuna sehemu mbili ambapo utafiti wa namna hii huharibika kimya kimya: vipimo vya sokoni na chakula kinacholiwa nje ya nyumbani. Nitazikazia hizo kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Lifunge swali lako

"Mwenendo wa ulaji" ni uwanja mpana mno. Chagua swali ambalo jibu lake litabadilisha uamuzi wa mtu fulani. Mfano nitakaoutumia ni huu: katika mtaa mmoja wa Morogoro mjini, mchele unaoliwa kwa kila mtu kwa mwezi ni kilo ngapi, unga wa mahindi kilo ngapi, na tofauti hiyo inabadilikaje kati ya kaya yenye kipato kidogo na yenye kipato kikubwa? Swali hili lina mwenyewe, yaani mkulima wa mpunga. Kama hujui nani ataguswa na jibu, rudi ulifikirie tena kabla hujachapa dodoso.

Hatua ya 2: Anza na kilichokwisha kupimwa

Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya mara kadhaa: 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Ule wa 2017/18 ulikuta watu 26.4% wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi na 8.0% chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Pia kuna utafiti wa kaya unaofuatilia familia zilezile mwaka hadi mwaka, ulioanza 2008/09. Takwimu ghafi zake hupatikana bure kwa anayejiandikisha kwenye hazina ya takwimu ya Benki ya Dunia. Jirani zetu wa Kenya wana utafiti wa kaya wa 2015/16 wa KNBS, ofisi yao ya takwimu, ambao unafaa kwa kulinganisha.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao hutoa mizania ya chakula kwa kila nchi kuanzia 1961. Itumie kwa uangalifu. Mizania hiyo huchukua uzalishaji, ikaongeza kilichoagizwa, ikatoa kilichouzwa nje, mbegu, chakula cha mifugo na upotevu, kisha ikagawa kilichobaki kwa idadi ya watu. Inakuonyesha chakula kilichokuwepo nchini. Haikuonyeshi kilichoingia mdomoni mwa mtu wa Kihonda wala wa Mbagala.

Jambo lingine la kuangalia ni uzito wa chakula katika fahirisi ya bei za taifa. Katika kapu la bidhaa la mwaka wa kizio (mwaka wa kulinganishia) 2015, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilichukua 38.5%. Katika kapu la 2020 vikashuka hadi 28.2%. Hapa ndipo anapoingia Ernst Engel, Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1857, kwa hesabu za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, kwamba kadiri kipato kinavyopanda ndivyo sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula inavyopungua. Merrill Bennett naye, mwaka 1941, alionyesha kwamba kipato kikipanda watu hupunguza uzito wa vyakula vya wanga katika mlo na kuongeza nyama, maziwa, mafuta na matunda. Sheria hizi mbili ndizo zitakazokusaidia kusoma majibu yako. Lakini kumbuka kwamba sahani ya mgahawani haihesabiwi ndani ya ile 28.2%, ina kundi lake. Mtu akihama kutoka jikoni kwake kwenda kwa mama lishe, "chakula" kinapungua kwenye karatasi ilhali tumboni kiko palepale.

Hatua ya 3: Vibali

Kwa Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kwa Kenya ni tume yao, NACOSTI. Mwanafunzi mara nyingi hupitia chuo chake. Kisha barua inashuka: mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Usiruke ngazi ya mtaa kwa sababu una barua yenye mhuri wa juu. Mwenyekiti ndiye atakayempigia mjumbe simu, na mjumbe ndiye atakayekusindikiza mlango wa kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo majina na namba za simu za wahojiwa ziweke mbali na majibu yao, kila kaya itambulike kwa namba tu.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha yako ya kaya

Daftari la mtaa ni mwanzo mzuri, lakini mara nyingi lina wenye nyumba wengi na wapangaji wachache. Mjini hilo ni kosa kubwa, maana mpangaji wa chumba kimoja hali kama mwenye nyumba anavyokula. Pita nyumba kwa nyumba, hesabu milango. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo nyumba ya vyumba sita yenye majiko sita ni kaya sita.

Kwa makadirio ya awali, Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Mtaa wa watu 9,000 basi una kaya zipatazo 2,100. Ukitaka makadirio ya asilimia yenye pengo la takriban 10 juu au chini, kaya 96 zinatosha. Pengo la 5 linadai kaya 385. Kwa mtaa mmoja na fedha kidogo, kaya 105 ni uamuzi wa busara: gawa 2,100 kwa 105 upate 20, chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 20, kisha ruka kila kaya ya ishirini. Kaya ikiwa haina mtu, rudi jioni. Usiibadilishe na ya jirani kwa sababu yule yupo. Wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi hawali sawa na waliokwenda kibaruani.

Hatua ya 5: Dodoso, na hasa chakula cha nje

Kama kuna jambo moja linaloonyesha uzito wa dodoso, ni jaribio lililofanyika hapa hapa Tanzania. Kati ya 2007 na 2008, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walichukua kaya takriban 4,000 na kuzigawa kwa bahati nasibu katika aina nane za madodoso: nyingine zikiuliza siku saba zilizopita, nyingine siku kumi na nne, nyingine "mwezi wa kawaida", na nyingine zikimwachia mhojiwa daftari la kuandika kila siku. Kaya zilitoka maeneo yaleyale, lakini kiwango cha njaa kilichopatikana kilitofautiana kuanzia 19% hadi 68% kutegemea dodoso. Njaa ya watu ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni namna ya kuuliza.

Tumia siku saba zilizopita, na taja kila chakula kwa jina. Usiulize "mlikula nafaka kiasi gani?" Uliza mchele, kisha sembe, kisha dona, kisha unga wa ngano, muhogo mbichi, makopa, ndizi za kupika, viazi mviringo, viazi vitamu. Sembe na dona zitenganishe tangu mwanzo, maana hazitoi uzito sawa kutoka kwenye gunia moja la mahindi. Kwa kila chakula uliza mambo matatu: kiasi kilicholiwa, kilitoka wapi (kununua, shamba lenu, au kupewa), na kama kilinunuliwa, kwa bei gani. Kipengele cha "kupewa" wahoji wengi hukipita haraka. Kaya nyingi za mjini hupokea mchele, maharage au ndizi kutoka kijijini kwa basi. Mchele huo haujapita sokoni lakini umeliwa, na umetoka kwa mkulima yuleyule unayemtafutia jibu.

Sasa chakula cha nje. Ukimuuliza mama wa nyumba peke yake, atakueleza kilichopikwa kwenye jiko lake, basi. Hajui kwamba mume wake, dereva wa bodaboda, amekunywa supu na chapati mbili saa moja asubuhi, akala wali maharage kwa mama lishe mchana, na jioni akagusa tu ugali. Hajui mtoto amenunua nini kwa ile mia tano ya shule. Hao wote wanakula wali na ngano ambavyo havitaonekana kwenye dodoso lako. Weka ukurasa wa kila mtu mzima, umuulize mwenyewe: jana na juzi ulikula nini nje, wapi, shilingi ngapi? Watoto wa shule waulizwe mbele ya mzazi. Kisha nenda kwa mama lishe watatu au wanne wa mtaa huohuo, nunua sahani ya wali, ifunge, ikapimwe kwenye mzani, na uwaulize wanapika kilo ngapi za mchele kwa siku na kupata sahani ngapi. Ukigawa utapata gramu za mchele mkavu kwa sahani. Bila hesabu hiyo, jibu la "sahani mbili" halina thamani.

Ongeza kipengele kifupi cha alama ya ulaji inayotumiwa na WFP, shirika la mpango wa chakula la Umoja wa Mataifa. Unauliza katika siku saba kundi fulani la chakula lililiwa siku ngapi, kisha unazidisha: vyakula vya wanga mara 2, jamii ya kunde mara 3, mboga mara 1, matunda mara 1, nyama, samaki na mayai mara 4, maziwa mara 4, sukari mara 0.5, mafuta mara 0.5. Tuseme kaya imekula wanga siku 7, maharage siku 3, mboga siku 6, tunda siku 1, dagaa siku 2, haikugusa maziwa, na sukari na mafuta ni kila siku. Hesabu ni 14 + 9 + 6 + 1 + 8 + 0 + 3.5 + 3.5, jumla 45. Penye sukari na mafuta ya kila siku, mipaka inayotumika ni 28 na 42, kwa hiyo kaya hii iko salama. Ondoa zile siku mbili za dagaa, inabaki 37, imeshuka daraja. Mimi huona hesabu hiyo inamweleza diwani uzito wa bei ya dagaa kuliko ripoti ya kurasa mia.

Dodoso liwekwe kwenye KoboToolbox au ODK, programu za kujazia majibu kwenye simu; zote zina njia ya kutumika bure na zinafanya kazi simu ikiwa haina mtandao. Lijaribu kwanza kwa kaya chache za mtaa mwingine.

Hatua ya 6: Pima vipimo

Mhojiwa hatakwambia kilo. Atakwambia sado, kisado, debe, fungu, mkungu, kopo, bakuli. Ukiwa Kenya atakwambia gorogoro. Kazi yako ni kugeuza yote hayo kuwa kilo, na kazi hiyo haifanyiki mezani.

Nenda sokoni na mzani wa kidijitali uliohakikiwa. Simama kwenye meza ya muuza maharage, omba kwa heshima akujazie sado kama anavyomjazia mteja wa kila siku, na uieleze kazi yako kabla hujaitoa mizani mfukoni, maana mzani sokoni huwatia watu hofu. Utaona jambo la kwanza: sado ya kufuta, iliyosawazishwa kwa kiganja, na sado iliyovimbishwa juu mpaka punje zinamwagika hazina uzito sawa. Jambo la pili: ndani ya sado ileile mchele, mahindi na maharage vina uzito tofauti. Jambo la tatu ni chombo chenyewe. Kuna sado zilizobonyezwa kitako. Pima kila chakula kwa wauzaji watano au zaidi, chukua wastani, andika tarehe na soko.

Fungu linataka uangalifu zaidi. Nyanya za shilingi mia tano hubaki za mia tano mwaka mzima, lakini fungu la nyanya tano linakuwa la nyanya tatu, na tatu zenyewe ndogo. Ukiandika bei ya fungu tu, kitabu chako kitasema nyanya hazikupanda bei. Kwa hiyo mafungu yapimwe kila mwezi, siyo mara moja kwa utafiti mzima. Ndivyo ilivyo kwa mchicha, dagaa, vitunguu na mkaa pia.

Gunia nalo lina mambo yake. Gunia la madebe sita ndilo linalozungumzwa kama gunia la kilo mia, lakini lumbesa bado ipo mashambani licha ya Wakala wa Vipimo kuipiga marufuku, na mkulima anayeuza kwa lumbesa analipwa bei ya gunia huku akitoa gunia na nusu yake. Ukiuliza bei ya shambani, uliza na idadi ya madebe.

Hatua ya 7: Bei, kwa mwezi na kwa mnyororo mzima

Kusanya bei za rejareja mtaani, za jumla sokoni na za shambani wiki ileile. Bei za jumla za miji mikubwa hukusanywa na serikali, na Benki Kuu huzionyesha katika taarifa yake ya uchumi ya kila mwezi, kwa hiyo una pa kulinganishia.

Usilinganishe Februari na Julai. Nyanda za Juu Kusini mahindi huanza kuvunwa karibu Mei, bei hushuka wakati ghala zimejaa, na hupanda tena kuelekea miezi ya mwanzo wa mwaka. Linganisha mwezi na mwezi mwenzake wa mwaka uliopita. Hata hapo kuna mtego: Ramadhani inasogea. Ya 2010 ilianza Agosti, ya 2024 ilianza Machi. Mwezi wa futari, muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na sukari hununuliwa tofauti kabisa na siku nyingine, kwenye kaya za Kiislamu na hata kwa majirani wanaoalikwa. Andika kwenye kila dodoso kama wiki hiyo ilikuwa ya mfungo au sikukuu.

Bei pia iondolewe mfumuko. Mchele ukitoka 2,000 hadi 2,200 umepanda 10%. Kama bei zote kwa ujumla zimepanda 3%, gawa 1.10 kwa 1.03: mchele umepanda kweli kwa takriban 6.8%.

Hatua ya 8: Hesabu zenye kumfaa mkulima

Panga kaya zako kwa matumizi ya jumla kwa kila mtu, ya chini hadi ya juu, kisha zigawe mafungu matatu au matano. Tuseme fungu la kwanza linatumia 60,000 kwa mtu kwa mwezi na linakula kilo 2 za mchele. La pili linatumia 90,000 na linakula kilo 2.6. Matumizi yamepanda 50%, mchele umepanda 30%. Gawa 30 kwa 50 upate 0.6. Namba hii huitwa mnyumbuko: matumizi yakipanda 1%, ulaji wa chakula hicho hupanda kwa asilimia hiyo. Unga wa mahindi kwa makundi hayohayo umetoka kilo 7 hadi 7.35, sawa na 5%. Mnyumbuko wake ni 0.1. Kwa mfano huu, kipato cha mtaa kikikua, mahitaji ya mchele yatakua kwa kasi kuliko ya unga. Ni habari njema kwa mpunga, lakini angalia kilo: ugali bado unalisha mtaa huu karibu mara tatu ya wali. Madalali na wenye mashine wangekuwa sahihi wote wawili.

Mfano huo unalinganisha kaya maskini na tajiri za leo. Haujaonyesha mabadiliko ya miaka. Ili kuyaonyesha, rudia dodoso lilelile, mtaa uleule, mwezi uleule, mwaka unaofuata na wa baada ya hapo.

Kisha hesabu sehemu ya mkulima katika bei ya mlaji, na hapa wengi hujikwaa. Mkulima anauza mpunga, mlaji ananunua mchele. Tuseme mpunga shambani ni 900 kwa kilo na mchele mtaani ni 2,400. Ukigawa moja kwa moja utasema mkulima anapata 37.5% na kulaani madalali wote. Lakini kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo sitini na kitu. Ukichukua 60, kilo moja ya mchele imekula kilo 1.67 za mpunga, yaani 1,500 zimekwenda kwa mkulima, sawa na 62.5%. Pumba na chenga nazo zina bei, ziingize. Kwa mahindi fanya vivyo hivyo: kaa kwenye mashine ya kukoboa na kusaga, pima kinachoingia na kinachotoka.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo

Mkutano wa mtaa uupe ukurasa mmoja, kwa kilo na shilingi, bila mnyumbuko wala asilimia za ajabu. Wakulima uwapelekee mambo matatu: mchele wa aina gani walaji wa mtaa waliutaja wenyewe kwa jina, mwezi gani wananunua zaidi, na kiasi gani kinapitia kwa mama lishe. Hilo la mwisho lina fedha ndani yake. Mama lishe hununua kila wiki, hununua mchele unaotutumka, na AMCOS yenye mashine yake inaweza kumuuzia bila mtu wa kati. Pamoja na ripoti, hifadhi jedwali la uzito wa sado na mafungu, likiwa na tarehe na jina la soko, na dodoso kama lilivyoulizwa neno kwa neno. Atakayerudia kazi hii mwakani atavihitaji hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote.